Samaki wa Kupaka Amebaki, Mpakaji Ameondoka

Mwezi uliopita niliketi kwenye meza yangu ya siku zote, katika mgahawa mmoja wa katikati ya jiji la Dar es Salaam ambamo nimekuwa nikila chakula cha mchana kwa miaka 12, nikaagiza wali wa nazi na samaki wa kupaka. Sahani ilikuwa ile ile yenye ukingo wa buluu, ndimu na kachumbari zilikuwa mahali pake, na bei ilikuwa imepanda kutoka shilingi 8,000 hadi 10,000. Samaki alikuwa mkavu ndani, mchuzi wake ulikuwa umemwagwa juu badala ya kupakwa, na wali ulikuwa umeshikana kama uji uliolala. Niliula, kwa sababu nililelewa kutoacha chakula, lakini kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote sikuomba ukoko.

Tathmini hii ni ya mgahawa huo, na kwa kuwa siwezi kuueleza ulivyo leo bila kuwaeleza walioondoka, ni tathmini ya kuondoka kwao pia. Katika muda usiozidi miezi minne uliwapoteza watu wawili: mpishi mkuu, mama wa makamo ambaye wafanyakazi na wateja sote tulimwita Shangazi, na mhudumu mmoja wa ukumbini aliyekuwa amefikisha miaka 9 pale. Hakuna aliyefukuzwa, wala hakuna aliyevutwa na mshahara mnono kwingine. Jina la mgahawa nimeliacha kwa makusudi, kwanza kwa sababu wapo vijana ambao bado wanapata riziki yao hapo, na pili kwa sababu ninayoyasema nimeyaona katika ofisi zenye viyoyozi kama nilivyoyaona kwenye moshi wa jiko la mkaa. Nilikuwa afisa utumishi kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, kwa hiyo msomaji anisamehe nikiitazama sahani kwa jicho la faili.

Mgeni anayeletewa samaki wa kupaka huona samaki na mchuzi, lakini mteja wa siku nyingi hujua kwamba kazi ilianza karibu na adhana ya alfajiri. Shangazi alikuwa akienda mwenyewe Feri, kwenye soko la samaki, mnada unapoanza, akifunua matamvua kwa kidole kuona kama bado ni mekundu, akibonyeza ubavu kuona kama nyama inarudi, na akikataa kununua siku ambayo changu au kolekole wa kumridhisha hakupatikana. Siku hizo ubao wa mlangoni uliandikwa kuku wa kupaka, na waliomjua hawakulalamika. Akirudi alikuna nazi, akalitenga kasimile, lile tui zito la kwanza, kwa ajili ya kupaka, na tui la pili akalipeleka kwenye wali. Samaki alichanjwa, akakolezwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akawekwa juu ya makaa yaliyokwisha kutulia, kisha akapakwa mchuzi wa kasimile, bizari na ukwaju uliopikwa mpaka ukashika mgongo wa mwiko; akageuzwa, akapakwa tena, mchuzi ukaachwa ukauke, akapakwa mara ya tatu. Ladha yote ilikuwa katika subira ile ya kati ya mpako mmoja na mwingine. Wali nao ulipaliwa, makaa juu ya kifuniko na machache chini, na aliyejua saa ya kuyaondoa alikuwa yeye peke yake, kwa sababu hakutazama saa, alisikiliza sufuria.

Elimu hiyo haikuandikwa popote. Mwenye mgahawa alikuwa na mkataba wa pango, leseni ya biashara, mashine ya risiti na friji mbili kubwa, na vyote hivyo alivihesabu kuwa mali yake. Kilichowafanya wateja wavuke barabara tatu na kuipita migahawa mingine minne kilikuwa kichwani na mikononi mwa mama huyu, na sidhani kama kiliwahi kuhesabiwa.

Mhudumu naye alikuwa na elimu ya namna yake. Alijua bila kuuliza kwamba chai yangu ni ya rangi, yenye tangawizi, isiyo na sukari tangu daktari aliponionya. Alijua nani hufunga Jumatatu na Alhamisi na hivyo hapaswi kusogezewa orodha ya vyakula anapokuja tu kumsubiri mwenzake. Alijua ni fundi yupi wa gereji ya jirani anayeandikwa kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi, na ni yupi asiyeandikwa hata akiapa. Saa saba mchana, ukumbi ulipojaa, aliwahudumia watu arobaini bila sauti yake kupanda, na ukimwita aliitika kwa namna iliyokufanya uone aibu kuwa na haraka.

Kuondoka kwake kulianzia kwenye jambo ambalo sisi wateja tulilishiriki bila kujua. Zamani bakshishi ilikuwa noti iliyoachwa chini ya kisahani, ikaingia mfukoni mwake moja kwa moja. Malipo ya Lipa Namba yalipozoeleka, wengi wetu tuliacha kubeba noti, tukawa tunatuma shilingi 12,000 kwa chakula cha 10,000 na kumwambia, "Inayobaki ni yako." Haikuwa yake. Iliingia kwenye simu ya mwenye mgahawa pamoja na mauzo, na jioni hesabu ilipofungwa hakuna aliyeitenga. Aliuliza mara moja, kwa adabu, akajibiwa kwamba mteja analipa mgahawa, halipi mtu. Mwezi huohuo alikatwa bei ya glasi sita zilizoteleza kwenye trei siku ya Ijumaa, wakati wa msongamano wa biriani, na makato hayo alielezwa kwa mdomo alipokuwa akipokea mshahara.

Hapo jicho la faili linanilazimisha kusema neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kujikatia fidia ya hasara namna hiyo: mfanyakazi hupaswa kuelezwa kwa maandishi sababu na kiasi cha deni, apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Angeweza kwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nilimwambia hivyo. "Mzee wangu," alinijibu, "nikashtaki kwa ajili ya glasi? Glasi nimelipa, yameisha. Lakini ile inayobaki, hata kama asingenipa, angesema tu kwamba anajua wateja wananipenda." Alihamia kwenye ukumbi mmoja wa sherehe kwa mshahara uleule, pungufu ya nauli.

Habari ya Shangazi ni nzito zaidi, na ndiyo iliyonifanya niandike. Alifiwa na mama yake mzazi huko Lindi. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo, na mwenye mgahawa alimpa siku 4 kamili bila kumkata hata senti. Kama ningekuwa mkaguzi ningeweka alama ya vema na kufunga faili. Lakini mwenye mgahawa hakwenda msibani, hakutuma mtu, hakutoa rambirambi wala hakupiga simu, yeye ambaye wiki mbili kabla wafanyakazi wote walikuwa wamemwona akichangia harusi ya mtoto wa mteja wake mkubwa mpaka jina lake likatajwa kwenye kipaza sauti. Siku ya tano Shangazi aliporudi, salamu ya kwanza aliyoipokea ilikuwa kwamba wali wa jana uliungua na wateja wamelalamika. Aliingia jikoni, akafunga aproni, akapika. Aliendelea kupika kwa wiki saba, vizuri kama siku zote, kisha akakabidhi notisi ya siku 28 iliyoandikwa na mjukuu wake kwenye karatasi ya daftari la shule.

Mwenye mgahawa ameniapia kwamba hakuona dalili yoyote, nami namwamini, kwa sababu alikuwa akiitafuta dalili mahali ambapo haipo. Kwa miaka 14 Shangazi alikuwa akigombana naye juu ya mkaa mbichi, visu butu na mchele wenye mawe, na ugomvi ule ndio uliokuwa ushahidi kwamba jiko lile bado analiona lake. Katika wiki zile saba hakuomba kitu. Mkaa mbichi ulipoletwa aliutandaza juani mwenyewe, akanyamaza. Visu alivinoa kwenye ukingo wa ngazi. Tajiri akadhani mama ametulia baada ya msiba, na pengine alifurahi.

Barua ilipofika mezani, alimwongezea shilingi 100,000 papo hapo. Nimewahi kuwa upande wa pili wa meza katika mazungumzo ya namna hiyo mara nyingi, na sijaona nyongeza inayouma kama hiyo, kwa kuwa inamjulisha anayeondoka kwamba fedha ilikuwepo siku zote na kwamba thamani yake ilijulikana siku zote. Kilichokosekana ni sababu ya kumwambia. Shangazi alishukuru, akaikataa, na kwa kuwa aliacha kazi mwenyewe hakudai kiinua mgongo. Alichodai ni cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka kila mwajiri akitoe ajira inapokoma, na alikisubiri kwa wiki tatu.

Nilipokuwa nikisoma Mzumbe, enzi ambazo chuo kiliitwa bado IDM, yaani Institute of Development Management, tulifundishwa habari za Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha mwaka 1959, pamoja na wenzake, matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliulizwa ni lini waliifurahia kazi yao mno na ni lini iliwachukiza mno. Furaha waliifungamanisha zaidi na kufanikisha jambo na kutambuliwa kwa kulifanikisha; chuki waliifungamanisha na taratibu za kampuni na namna walivyosimamiwa. Utafiti huo ulikosolewa baadaye, na sehemu ya ukosoaji ni ya haki, kwani binadamu hupenda kujisifia mema na kuwabebesha wengine mabaya. Hata hivyo nimeuona ukifanya kazi katika jiko lenye sufuria nne: mshahara usiotosha humfanya mtu anung'unike na kutafuta deiwaka ya Jumapili, lakini kutoonekana humfanya aanze kuhesabu siku.

Wala hatuhitaji kwenda Pittsburgh kulielewa jambo hili. Katika ukumbi wa taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka kwenye kiti chake, akajongea mbele akicheza taratibu, akamtuza mwimbaji mbele ya macho ya watu wote. Noti yenyewe inaweza kuwa ya shilingi 1,000, na bila shaka mwimbaji ana malipo yake aliyokubaliana na kikundi. Anachotuzwa hasa ni kule kuinuka. Ungemtumia kiasi hichohicho kwa simu kesho yake, angekipokea, lakini hakingekuwa tuzo. Watu wenye desturi hiyo, ambao pia husema mcheza kwao hutuzwa, wanawezaje kumwacha mama apike miaka 14 bila hata siku moja kumwita ukumbini wateja wamwone?

Nauliza hivyo huku nikijua kwamba swali linanihusu. Katika miaka yangu 22 ya utumishi niliandika barua nyingi za shukrani, nzuri, zenye maneno kama "mchango wako usiosahaulika", na nikizikumbuka moja moja naona kwamba karibu zote zilikuwa za watu waliokuwa wakistaafu au wameshaacha kazi. Waliobaki niliwaandikia barua za kuwataka wajieleze. Yupo karani mmoja wa masijala aliyeweza kulitoa faili lolote kwa kumbukumbu tu, ambaye sifa zake nilizisoma kwa sauti siku ya kumuaga; alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniambia kwa upole kwamba angependa kuyajua hayo mapema.

Mgahawa sasa umejaribu kujirekebisha. Kwenye ukuta wa karibu na kaunta kumetundikwa fremu yenye maandishi ya dhahabu, "Mfanyakazi Bora wa Mwezi", na picha ndani yake. Mwezi wa kwanza ilikuwa picha ya mpwa wa mwenye mgahawa, anayekaa kwenye kaunta. Mwezi wa pili ilikuwa picha ya mpwa huyohuyo akiwa amevaa shati jingine. Wote tumeziona sherehe za Mei Mosi ambamo mfanyakazi hodari hupatikana kwa zamu ya idara, mwaka huu ninyi, mwakani sisi, lakini hata zamu huzunguka.

Kwa anayetaka kujua hali ya huduma ilivyo leo, nitasema kwa ufupi. Usafi ni wa kuridhisha, maji ya kunawa yapo na sabuni ipo, feni mbili kati ya nne zinafanya kazi. Samaki sasa hununuliwa na kijana wa bodaboda anayepewa fedha na orodha, naye, bila kosa lake, huleta alichouziwa. Mara mbili kati ya tatu nilizokwenda alikuwa wa barafu. Tui ni la pakiti. Mpishi mpya ni kijana mwenye bidii ambaye anapika vyakula kumi na viwili peke yake, na nilipochungulia dirishani niliona anapaka mara moja kwa sababu hana muda wa mara tatu. Wahudumu wamebadilika mara mbili tangu mhudumu wetu aondoke. Nilisubiri dakika 35 kwa chakula kilichozoea kuja kwa 15, na chai yangu ilikuja na sukari. Juisi ya ukwaju bado ni nzuri. Kwa shilingi 10,000 katika mitaa ile mtu anaweza kula vizuri zaidi, na mimi sitaagiza samaki pale tena.

Shangazi nilimkuta Ilala, katika kimgahawa cha meza sita anachokiendesha pamoja na binti wa marehemu dada yake. Kipato chake, aliniambia bila kuficha, bado hakijafikia alichokuwa akilipwa, na miezi ya mvua humtia wasiwasi. Samaki ni yule yule niliyemkumbuka, kwa shilingi 7,000, na unapaswa kufika kabla ya saa nane kwa sababu hapiki wa ziada. Kasoro zipo: mabenchi hayana migongo, moshi hurudi ndani upepo ukigeuka, na kachumbari ina pilipili kupita kiasi. Niliona mteja mmoja, dereva wa bajaji, akienda mpaka kwenye dirisha la jiko na sahani yake tupu mkononi kumwambia kwamba hajala samaki kama yule tangu aondoke Tanga. Shangazi alicheka, akamwambia asimdanganye mtu mzima, akamwongezea ukoko. Nilipomuuliza kama ana kinyongo na tajiri wake wa zamani, alisema hana, kwani alimlipa kila mwezi bila kuchelewa. "Ila, baba," aliongeza, "nilipika pale miaka kumi na minne, na hakuna siku aliyoniuliza mimi nimekula nini."

Nimerudi kwenye mgahawa wa mjini mara moja tangu siku hiyo, asubuhi, kwa ajili ya chapati. Chapati ndicho kitu kilichobaki pale kikiwa kamili: nyepesi, zenye tabaka zinazoachana, zinazopikwa na dada mmoja anayeanza kukanda unga saa kumi na moja alfajiri na ambaye ni mwenyeji pale kwa miaka 6. Kwa chapati mbili na maharage ya nazi ningeupa mgahawa huo nyota zote bila kusita. Nilipokuwa nikinawa, dada huyo alitoka jikoni akiwa na unga mpaka kwenye viwiko, akaniamkia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nilikuwa mtu wa utumishi. Nilipomjibu kwamba ni kweli, akatazama upande wa kaunta, kisha akauliza mtu anayelipwa kwa mwezi anapaswa kutoa notisi ya siku ngapi.

Nilimwambia ni siku 28. Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita, kwa hiyo anayezitaka chapati hizo asichelewe.